Mimea jike iliyobaki peke yake: kisa cha merkuriali

Mwaka 1691, huko Tübingen, Ujerumani, daktari mmoja mwenye umri wa miaka 26 alichukua mimea miwili ya gugu pamoja na udongo wake, akaitia kwenye vyungu na kuitenga na mingine ya aina yake. Jina lake Rudolf Jakob Camerarius, na wakati huo tayari alikuwa msimamizi wa bustani ya mimea ya chuo kikuu. Mimea yote miwili ilikuwa jike. Ilinawiri, ikazaa matunda mengi, matunda yakajaa vizuri. Yalipofika nusu ya kuiva yakaanza kunyauka, na halikupatikana hata moja lenye mbegu kamili.

Mwaka 2021, miaka 330 baadaye, kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Lausanne, Uswisi, wakiwemo Guillaume Cossard na John Pannell, lilitoa matokeo ya jaribio ambalo ukilitazama kwa mbali ni lile lile la Camerarius. Gugu ni lile lile, Mercurialis annua. Hatua ni ile ile: ondoa mimea dume yote, acha mimea jike peke yake, kisha subiri uone. Safari hii mimea jike haikukauka bila uzao. Vizazi vinne tu vilipopita, ilikuwa inatoa maua ya kiume kwa wingi kiasi kwamba kuiita jike kulikuwa ni kung'ang'ania jina.

Jaribio la kwanza lilisaidia kuthibitisha kwamba mimea ina jinsia na kwamba jike bila dume hazai. La pili limeonyesha jike asiye na dume akijizalia na hatimaye kuwa huntha, yaani mmea wenye maua ya kike na ya kiume pamoja. Nimeona watu wakilisimulia la pili kana kwamba limelifuta la kwanza. Halikulifuta. Majibu yote mawili ni ya kweli, na kuelewa yanakaaje pamoja inabidi tulitazame gugu lenyewe kwa karibu, maana siri yote imo kwenye makwapa ya majani yake.

Merkuriali (nitaliita hivyo, kwa kuwa sijui jina lake lolote la Kiswahili na si mmea wa huku) ni jenasi ndogo yenye spishi kama kumi na kidogo. Nyingi zinaishi kuizunguka Bahari ya Mediterania na Ulaya. Moja imejitenga mbali kabisa, Asia ya Mashariki. Ni ya familia ya Euphorbiaceae, yaani ni ndugu wa mnyaa, mbarika na muhogo, ingawa ukilikata shina lake hutaona utomvu mweupe ule unaouzoea kwa mnyaa. Linnaeus, Mswidi aliyeweka misingi ya kuainisha viumbe, aliisajili jenasi hii mwaka 1753 kwa jina ambalo Warumi walikuwa wakilitumia zamani, la mungu wao Mercurius. Spishi mashuhuri ni mbili. Mercurialis perennis huishi miaka mingi kwenye vivuli vya misitu ya Ulaya na ina sumu ya kumlaza mtu hospitali. Mercurialis annua ni gugu la mwaka mmoja, la kando ya njia, la mashamba yaliyochimbuliwa, la popote ambapo udongo umevurugwa. Hili la pili ndilo la kisa chetu.

Kimo chake ni cha kufika gotini, mara nyingi chini ya hapo. Majani ni ya kijani kibichi, yamepangwa mawilimawili yakielekeana, kingo zake zina meno. Maua hayana petali. Kinachoitwa ua hapa ni vijani vitatu vidogo vya kijani, na ndani yake ama stameni (vijiti vinavyotoa chavua) nane hadi kumi na tano hivi, ama ovari (kifuko cha mbegu) moja ndogo yenye vinywele. Hakuna rangi wala harufu ya kumvuta nyuki, kwa sababu chavua inabebwa na upepo.

Mmea dume na mmea jike hutofautiana kwa namna ambayo hata mtoto akionyeshwa mara moja hakosei tena. Dume hutoa vikonyo virefu vilivyosimama wima juu ya majani, kila kikonyo kimebeba vishada vya maua madogo, kama mtu aliyenyanyua mkono ili upepo umfikie vizuri. Jike hana vikonyo hivyo. Maua yake yamejibana kwenye kwapa la jani, moja, mawili au matatu, na tunda lake ni kifuko kidogo cha milimita tatu au nne chenye vyumba viwili vya duara vilivyoshikana, kila chumba na mbegu moja. Kikikauka hupasuka ghafla na kurusha mbegu.

Vyumba hivyo viwili vya duara vilileta kituko kimoja ambacho siwezi kukipita. Vitabu vya zamani vya mitishamba vya Ulaya vilijua kabisa kwamba merkuriali ziko za aina mbili, na viliziita dume na jike, ila viligeuza. Mmea wenye matunda ndio ulioitwa dume, kwa sababu matunda yake yanafanana na korodani. Ule wenye vishada vya chavua ukaitwa jike. Watu walikuwa wameona tofauti, wakaipa majina ya jinsia, na bado hawakuwa na wazo lolote kwamba mmoja unamzalisha mwingine. Dume na jike yalikuwa majina ya sura tu.

Basi Camerarius aliingia katika hali hiyo. Kilichomshtua mwanzoni haikuwa merkuriali bali mforosadi jike uliozaa matunda bila kuwapo dume karibu: matunda yalikuwepo, lakini mbegu ndani zilikuwa mapepe. Ndipo akaenda kwenye merkuriali na vyungu vyake viwili. Baadaye akaendelea na mingine. Kwenye mbarika aliondoa maua ya kiume kabla hayajafunguka akapata maganda matupu; kwenye mahindi na mchicha wa Ulaya aliona mambo ya namna hiyo hiyo. Mwaka 1694 alikusanya yote katika barua ndefu kwa mwenzake Valentini wa Giessen, na humo akasema waziwazi kwamba stameni ni viungo vya kiume na kwamba bila chavua hakuna mbegu hai.

Lakini barua hiyo ina doa, na heshima yangu kwa mtu huyu inatokana na doa hilo: hakulificha. Mimea jike ya bangi aliyoihamisha kutoka shambani hadi bustanini ilizaa mbegu zilizoota, na dume hakuwepo. Jambo hilo lilimkera. Alitafuta maelezo, hakupata la kumridhisha, akaliandika hivyo hivyo. Angeweza kuwaza kwamba upepo ulileta chavua kutoka mbali, na huenda ni kweli. Kuna maelezo ya pili ambayo kwa zama zake yasingeweza kumjia: kwamba mmea jike wenyewe huenda ulikuwa na ua moja la kiume lililojificha.

Hapo ndipo kisa kinapoanza kukunjuka.

Chukua mmea jike wa merkuriali na ukague kwapa moja baada ya jingine, kwa kioo cha kukuzia, kuanzia chini hadi juu. Mimea mingi utaimaliza bila kuona kitu. Kisha utaufikia mmoja ambao, kwenye kwapa la saba au la kumi na mbili, katikati ya vifuko viwili vyenye vinywele, kuna ua dogo lenye stameni. Halina kikonyo kirefu kama la dume; limekaa pale pale chini, limebanwa na matunda. Ni ua la kiume, na chavua yake ni chavua kamili. Mmea unabaki kuwa jike kwa kila kipimo kingine. Na madume nayo hivyo hivyo: mara moja moja huonekana dume lenye kifuko kimoja au viwili vya mbegu.

Wataalamu huita hali hii kuvuja kwa jinsia. Nalipenda neno hilo kwa sababu linasema kweli: ukuta upo, umesimama, una nyufa. Mwaka 1919 mtaalamu wa mimea Cecil Yampolsky alichapisha kazi yake juu ya urithi wa jinsia katika merkuriali hii hii. Alichukua mimea jike iliyovuja, akaiacha ijichavushe yenyewe, akapanda mbegu zake. Watoto wakawa jike.

Matokeo ya Yampolsky yanaeleweka vizuri leo. Merkuriali yenye seti mbili za kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli), jumla 16, huamua jinsia kwa mfumo wa X na Y kama wa kwetu: jike ni XX, dume ni XY. Jike akijichavusha mwenyewe, baba na mama wote ni XX, na Y haiwezi kutoka hewani. Tofauti na sisi ni kwamba Y ya merkuriali bado changa. Eneo lake lililoacha kubadilishana vipande na X ni takriban theluthi moja tu ya kromosomu, na mmea wenye Y mbili bila X hata moja unaweza kuishi na kukua. Kwa mamalia hilo haliwezekani kabisa. Kwa maneno mengine, X na Y za gugu hili bado zinafanana sana, na jeni za kutengeneza stameni hazimo kwenye Y peke yake. Jike anazo. Amezinyamazisha tu, na kunyamazisha huko hakukamiliki kwa kila mmoja.

Turudi Tübingen na hesabu ndogo. Tuseme mmea jike mmoja kati ya kumi ndio unaovuja (nambari ya mfano tu, hubadilika mahali na mahali). Ukichukua miwili bila kuchagua, uwezekano kwamba hakuna hata mmoja unaovuja ni 0.9 mara 0.9, yaani 81%. Camerarius alikuwa na vyungu viwili na msimu mmoja. Jibu alilopata ndilo lililotarajiwa zaidi kupatikana, na kwa swali alilouliza, yaani kama chavua inahitajika ili mbegu ipatikane, lilikuwa jibu sahihi. Angekuwa na vyungu mia mbili, angepata mbegu chache na maumivu mengi ya kichwa. Bahati yake ilikuwa uchache wa vyungu.

Kwa karne mbili zilizofuata wengine walikuwa na mimea mingi kuliko yeye, na wakayapata maumivu hayo. Merkuriali na bangi zilitajwa tena na tena katika ugomvi wa kama mimea jike inaweza kuzaa bila kutungishwa. Kila aliyekuta mbegu kwenye jike aliyetengwa alikuwa na hoja, na kila aliyekuta ua la kiume lililojificha alikuwa na jibu. Ugomvi huo ulikuwa mrefu na sitaurudia hapa.

Sasa Lausanne. Swali la watafiti hawa halikuwa tena kama jike aliyetengwa anaweza kupata mbegu, hilo lilijulikana. Swali lilikuwa la baadaye: mbegu hizo chache zikiota, na watoto wao wakaota, na wajukuu, nini kinatokea kwa ukuta wenye nyufa pale shinikizo linapobaki upande mmoja kizazi baada ya kizazi? Wakaweka makundi ya aina mbili. Katika moja, madume na majike walikuwa pamoja kama kawaida. Katika jingine, madume yaliondolewa. Mimea ilichavushwa na upepo, mbegu zikavunwa, zikapandwa kizazi kilichofuata, na hakuna aliyechagua mmea upi uendelee. Aliyezaa zaidi ndiye aliyewakilishwa zaidi.

Kuna watu wanaosoma hadithi hii wakadhani mimea "ilijua" kwamba madume hayapo ikaamua kujisaidia. Hebu tulifumue kwa hesabu, maana hesabu inatosha bila mmea kujua lolote.

Fikiria kitalu cha mimea jike 1,000, dume hakuna. Kati yake 20 inavuja. Mingine 980 haina hata ua moja la kiume. Kila mbegu ina mama mmoja na baba mmoja, bila kujali kama baba ni ua lililo kwenye mmea ule ule. Kwa hiyo nusu ya jeni zote za kizazi kijacho zinapitia kwenye chavua. Chavua yote imetoka kwa mimea 20. Mimea hiyo basi inatoa nusu nzima ya jeni kwa njia ya chavua, na bado ina fungu lake la mbegu kwa upande wa umama: ikiwa ni 2% tu ya hiyo nusu nyingine, ni 1%. Jumla 51%. Mimea iliyokuwa 2% ya kitalu imechukua zaidi ya nusu ya urithi kwa msimu mmoja. Na nimeihesabia kwa ubahili, kwa sababu chavua inapokuwa adimu, mmea unaovuja hujaza mbegu zake mwenyewe kwanza na za majirani wa karibu, huku jike aliye mbali akinyauka matunda kama yale ya vyunguni Tübingen.

Sasa weka madume 500 na majike 500 kwenye kitalu kingine, majike 20 yanavuja. Tuseme dume mmoja anatoa chavua mara 1,000 ya jike anayevuja. Vikonyo vyake virefu vimejaa maua na upepo unampiga juu ya majani. Fungu la majike 20 katika chavua yote ni 20 kati ya 500,020, yaani kama punje 4 katika kila 100,000. Ua la kiume pale kwapani halimpi jike huyo faida yoyote ya kuhesabika. Linaweza hata kumgharimu, kwa kuwa chakula kilichotengeneza stameni kingetengeneza mbegu.

Mmea ni ule ule na ufa ni ule ule, lakini thamani yake ni tofauti kabisa, kutegemea nani yupo jirani. Kwangu mimi kisa chote kimo hapa. Dume, kwa kuwepo kwake tu, ndiye anayemfanya jike abaki jike. Ukimwondoa, kinachoondoka pamoja naye ni sababu ya nyufa kuwa bure.

Matokeo yalikuwa haya: katika vizazi vinne, wastani wa maua ya kiume kwenye mimea jike isiyo na madume uliongezeka mara 23. Makundi yaliyokuwa na madume hayakwenda huko. Ukizingatia kwamba tunazungumzia mmea wa mwaka mmoja, vizazi vinne si muda. Tumezoea kusikia mageuko yakihesabiwa kwa maelfu na mamilioni ya miaka, na hapa badiliko la mfumo mzima wa uzazi limeonekana ndani ya muda wa mwanafunzi kuanza na kumaliza shahada ya uzamivu.

Msomaji mwangalifu atakuwa na pingamizi, na lipo moja zito. Je, huenda mimea hii haikurithi chochote, bali inavuja zaidi kwa sababu ya hali inayoishi? Pingamizi hili haliwezi kupuuzwa, kwa sababu imeonyeshwa kwamba merkuriali jike inayokosa chavua huongeza maua ya kiume ndani ya maisha yake yenyewe, na utafiti uliochapishwa 2022 ulionyesha kwamba hata kuikatakata, kuiga jinsi wanyama wanavyoila, kunaongeza kuvuja. Lakini badiliko la namna hiyo linamalizika na mmea wenyewe. Kila kizazi kingeanza upya pale pale pa mwanzo. Ongezeko linalopanda kizazi hadi kizazi, huku makundi yenye madume yakibaki nyuma, ni jambo la urithi. Nadhani pia kwamba mambo haya mawili yanasaidiana zaidi ya kushindana. Jike anayeitikia njaa ya chavua kwa kutoa ua moja la kiume anaokoa kizazi cha kwanza, kile ambacho kingeweza kuishia pale pale. Baada ya hapo uteuzi asilia unapata kitu cha kufanyia kazi.

Swali jingine ni kama faida yote ilitoka kwenye kujichavusha. Watafiti walikuta kwamba njia zote mbili zilihusika: mmea wenye maua ya kiume mengi ulijipatia mbegu zake mwenyewe na pia ukawa baba wa mbegu za majirani. Hili la pili ndilo linaloeleza kasi. Kujichavusha peke yake kunauokoa mmea mmoja mmoja. Kuwa baba wa kitalu kizima ndiko kunakobadilisha kitalu.

Wazo lenyewe si jipya. Darwin, katika kitabu chake cha 1877 juu ya maumbo mbalimbali ya maua ndani ya spishi moja, alikwisha kuona kwamba mimea yenye jinsia zilizotengana huwa na masalio ya jinsia nyingine na kwamba masalio hayo yana maana. Kilichokosekana ni mtu wa kuyashuhudia yakifanya kazi. Vitabu vingi vilikuwa vimelieleza suala hili kwa mwelekeo mmoja: mimea huanza ikiwa huntha, kisha baadhi hutenganisha jinsia, na wakishatengana ndiyo basi. Uchambuzi wa koo za mimea umekwisha kuonyesha kwamba njia ya kurudi nayo imepitiwa mara nyingi. Vitalu vya Lausanne vinaonyesha kwamba njia hiyo inaweza kuwa fupi sana, mradi ufa uwepo tangu mwanzo.

Masharti ya kisa hiki ni lazima yatajwe, la sivyo tutakipeleka mahali kisikofika. Kwanza, inahitaji tofauti za urithi katika kuvuja. Jamii ya mimea ambamo kila jike amefungwa kabisa ingeishia kama vyungu vya Camerarius, ikatoweka. Pili, inasaidia sana kuwa gugu la mwaka mmoja, lenye vizazi vya haraka na mbegu nyingi. Tatu, chavua ya upepo haihitaji mdudu wa kuishawishi. Ua dogo la kijani lisilo na pambo linafaa hapo kwapani kama lilivyo. Kwa mti unaoishi miaka mia na unaotegemea nyuki wanaofuata harufu ya dume, nisingethubutu kutabiri jambo hilo hilo.

Nje ya vitalu, hali ya namna hii haihitaji mtafiti wa kung'oa madume. Gugu la ardhi iliyovurugwa huishi kwa kuhama. Mbegu moja inabebwa na udongo, inadondoka mahali papya, inaota: jike, peke yake. Kama havuji, safari imeishia hapo. Kama anavuja, anaanzisha kundi zima, na watoto wake wote watabeba tabia yake ya kuvuja. Mtaalamu wa mimea Herbert Baker alieleza jambo hili mwaka 1955: wanaoanzisha makazi mapya ya mbali mara nyingi ni wale wanaoweza kuzaa wakiwa peke yao. Pannell amelifuatilia kwa miaka mingi kwenye merkuriali za Rasi ya Iberia na Moroko. Huko kuna merkuriali zenye seti sita za kromosomu, jumla 48, ambazo tayari ni huntha: kila mmea una maua ya kike na ya kiume pamoja kwapani. Katika baadhi ya makundi hayo, madume bado yapo, yakiwa na vile vikonyo virefu vya kusimama juu ya majani, yakiishi pamoja na mahuntha. Katika mengine hakuna dume hata mmoja. Mpangilio huu wa madume na mahuntha bila majike halisi ni adimu mno duniani, na unafuata mantiki ile ile ya hesabu yetu: pale mimea inapokuwa imesongamana, dume mwenye chavua nyingi anakuwa baba wa mbegu za kutosha; pale ilipotawanyika, huntha anajitosheleza na dume anakosa kazi.

Kitu kimoja hakikutokea Lausanne, na nadhani kinastahili kutazamwa kuliko hata ile mara 23. Hakuna dume aliyerudi. Hakuweza kurudi. Mimea yote ya vitalu hivyo, hata ule uliojaa stameni kuliko wote, ni XX, kitukuu cha majike matupu. Chavua yake inabeba X, mbegu zake zinabeba X. Ukiukagua kwapa kwa kwapa utakuta maua ya kiume kila mahali yamebanwa kati ya vifuko vyenye vinywele. Juu ya majani, pale ambapo upepo unapita vizuri na ambapo dume angesimamisha kikonyo chake, patupu.